Gari ya kifahari inakufa nguvu katikati ya barabara, niendelee kuiendesha au niipaki?

MzaziNtinda

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba mawazo yenu kabla sijafanya uamuzi mbaya, maana nimechoka na mke wangu amekataa kabisa watoto wapande tena hii gari.

Mwaka jana mwezi wa sita nilinunua jipu ya kifahari, zile za juu kabisa, viti vya ngozi, paa ya kioo, injini ya dizeli V6 lita 3, suspenshen ya hewa sio springi. Ni ya mwaka 2013, ilitoka Uingereza ikapita Mombasa nikaikuta bondi moja (yadi ya magari yaliyoingizwa kutoka nje) hapa Kampala. Jina la gari sitaji na bondi sitaji, sitafuti ugomvi na mtu. Mileji ilisoma kilomita 92,000. Niliuza kiwanja changu cha Gayaza nikaongeza na mkopo wa SACCO, kwahiyo mjue hapa naongelea jasho la miaka.

Miezi mitatu ya kwanza raha tupu. Mwezi wa nne naamka asubuhi nakuta mguu wa mbele kushoto umelala chini kama mbuzi anaumwa. Nikiwasha inanyanyuka pole pole, kesho yake imelala tena. Makanika wa kwanza akasema kompresa ya hewa imekufa, tukabadilisha, baada ya wiki saba ile mpya nayo ikafa. Wa pili akaweka nyingine. Sasa hivi ya tatu nayo naisikia inanguruma muda wote hata kwenye foleni ya Nakawa.

Halafu ujumbe kwenye dashibodi. Leo suspenshen, kesho breki ya mkono, keshokutwa "nguvu ya injini imepunguzwa". Kila nikipeleka gereji wanachomeka mashine, wanafuta, nalipa, natoka taa imezimika, siku nne inarudi.

Lakini kilichonifanya niandike hapa ni Jumamosi iliopita. Tulikuwa tunaenda Tororo kwa mazishi ya shemeji, mimi, mama watoto na watoto wetu 3 nyuma. Tumepita Najjembe, tuko ndani ya Mabira, mbele yangu trela mbili zimefuatana zinapanda polepole. Nikaona barabara iko wazi nikatoka kuovateki, nimefika usawa wa kichwa cha trela ya kwanza gari ikapiga kengele na nguvu zote zikaisha, nakanyaga akseleta mpaka chini haiendi, kama mtu kaishika kwa nyuma, na mbele naona basi linakuja linawasha taa. Sikuweza kwenda mbele wala sikuweza kurudi nyuma ya trela maana nyuma yake kuna nyingine imekaribia. Dereva wa trela ndio aliona akashika breki akanipa nafasi, nikaingia, basi likapita. Mke wangu hakusema neno mpaka Jinja. Mtoto wa mwisho ana miaka 4.

Nilipozima na kuwasha tena ikawa nzima kama hakuna kilichotokea.

Swali langu: haya ni matatizo ya pesa tu, yaani nikitengeneza basi, au hii gari ni hatari na niipaki? Na je nikienda Krismasi kijijini nayo nitakuwa nacheza na roho za watu? Niambieni ukweli hata kama unauma.

DerevaWaMalaba

Pole sana ndugu, na poleni na msiba. Mimi naendesha trela Mombasa Kampala mwaka wa 14 sasa, hio unayosema pale Mabira nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara moja na sio zote ziliisha vizuri. Mshukuru huyo dereva mwenzangu. Trela ya ekseli saba ikijaa kwa sheria ya Afrika Mashariki inafika tani 56, haisimami kama gari ndogo, mpaka mtu aone, aelewe, akanyage na mzigo utulie, wewe na basi mshakutana. Ingekuwa mteremko asingeweza.

Mpaka ujue kilichosababisha usiovateki kitu chochote na hio gari, hata boda. Na uwe na pembetatu za tahadhari ndani, sio matawi ya miti, usiku mtu wa trela matawi hayaoni mpaka ameshafika.

Arua_Boy

Uza. Leo leo. Taa ikiwa imezimika ipige picha nzuri uweke mtandaoni, kuna mtu atainunua kwa wiki moja. Chukua ya Kijapani, huku West Nile barabara za vumbi miaka nenda rudi tunatembea na Toyota na hakuna suspenshen ya hewa wala nini. Hizi za Kizungu ni za watu wenye gari tatu, moja ikiwa gereji anapanda nyingine.

Makanika_Ndeeba

Ssebo pole. Mimi nafanya hizi gari, karibu kila wiki zinaingia kwangu, ngoja nikueleze taratibu maana naona umelipa pesa nyingi na hakuna aliekaa chini kukueleza.

Kwanza suspenshen. Kompresa haifi yenyewe, kompresa inauawa. Kila mguu una puto la mpira linalobeba hewa, mpira ukizeeka unapasuka mistari midogo midogo kwenye mikunjo, hewa inatoka usiku gari ikiwa imesimama, asubuhi kompresa inaamka inajaza, inajaza, inajaza. Imetengenezwa kufanya kazi dakika chache ipumzike, wewe yako haipumziki, inaungua. Walikuwekea kompresa mpya juu ya puto linalovuja, ni kama kununua pampu mpya wakati tenki limetoboka. Chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, gari ikiwa imenyanyuka, pulizia puto la mbele kushoto na maungio ya mipira, utaona mapovu. Kazi ya dakika kumi. Ukibadilisha puto badilisha mawili ya ekseli moja, na uangalie rilei (swichi) ya kompresa, ikiganda kompresa inazunguka mfululizo hata pasipo kuvuja.

Na hapa nakuomba kitu kama ndugu yako. Usiingie wewe wala makanika yeyote chini ya hio gari ikiwa imesimama kwa hewa yake. Hewa ikitoka inashuka ghafla na ni chuma cha zaidi ya tani 2. Weka stendi za chuma. Ukinyanyua kwa jeki zima kwanza ile kazi ya kujisawazisha maana kompyuta inaweza kuamua kushusha miguu wakati mtu yuko chini.

Sasa kufa nguvu. Kompyuta ikiona namba haziendani inabana nguvu ili injini isijiue. Yenyewe inafikiria injini, haijui kama uko mbele ya basi. Ukizima na kuwasha inaanza upya ndio maana unaona imepona, haijapona. Kwenye dizeli za turbo kitu cha kwanza ninachoangalia ni hozi zinazopeleka hewa ya turbo, zikipasuka kidogo ukiendesha mjini husikii kitu, siku ukikanyaga kwa nguvu upande mlima na mzigo ndio presha inapasua na hewa inakimbia. Nani anakanyaga kwa nguvu? Mtu anaeovateki. Kwahiyo hili kosa linakungoja mahali pabaya kuliko pote. Baada ya hapo filta ya dizeli, sensa ya presha, na lile chujio la moshi, DPF. Kama kila siku ni Ntinda mjini, mjini Ntinda, foleni tupu, chujio halipati joto la kujichoma masizi linaziba. Linahitaji barabara ndefu mara kwa mara.

Betri pia. Hizi gari zenye kompyuta nyingi volti ikishuka kidogo zinaanza kusema uongo, mara breki ya mkono, mara suspenshen. Kama ilikuja na betri ya AGM, aina maalumu kwa gari kama hizi, halafu walikuwekea ya kawaida ya bei rahisi hio peke yake inaweza kuleta nusu ya ujumbe unaouona. Lakini usimruhusu mtu akuambie "ni betri tu" kwa yote.

Kingine, kufuta sio kutengeneza. Ukifika gereji mtu akachomeka mashine mwambie asifute mpaka upige picha ya makosa yote. Yale makosa ndio ushahidi, yana namba na mengine yanakuambia gari ilikuwa spidi gani na injini ilikuwa na joto gani kosa lilipotokea. Walipokufutia kila wiki walikuwa wanafuta maelezo ya mgonjwa kabla daktari hajayasoma.

Na ndugu yangu wa Arua, Kijapani nazipenda, zimenilisha. Lakini usalama sio jina. Zile airbegi za kampuni ya Takata zilikuwa ndani ya magari ya kampuni nyingi sana, za bei ndogo na za kifahari, za Japani, Marekani, Ulaya. Kemikali yake ya amonia naitreti ilikuwa inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka, gari ikigonga airbegi badala ya kujaa inalipuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Marekani peke yake zaidi ya watu 20 wamekufa, na vilipuzi karibu milioni 67 viliitwa virudishwe, kampuni yenyewe ikafilisika 2017. Joto na unyevu sisi wa kando ya ziwa tunavyo mwaka mzima. Kwahiyo kila mtu humu, ya Kijapani au ya Kizungu, achukue chesi namba yake aulize kama gari yake iliitwa irudishwe kwa ajili ya airbegi hizo.

Nalongo_Mbale

Pole baba watoto. Nimesoma hio ya Mabira nikashika kifua.

Arua_Boy mdogo wangu sikubaliani na wewe hata kidogo, "taa ikiwa imezimika piga picha" maana yake ndani ya hio gari ataingia mama mwingine na watoto wengine, na yeye ataovateki pale pale. Labda hivyo hivyo ndivyo alivyouziwa huyu mwenzetu. Mtu alijua akanyamaza.

Mimi nilikuwa na jipu kama hizo, sio hio hio lakini ya ukoo huo, miaka minne nimeendesha Mbale Kapchorwa kwa shughuli zangu za kahawa. Langu mimi ni breki. Siku moja nashuka kutoka Kapchorwa, gari imejaa, nimekanyaga breki muda mrefu kwenye zile kona, mara pedali ikaanza kwenda chini laini kama naikanyaga matope. Nikaweka gia ndogo, nikavuta breki ya mkono ya umeme nikaishikilia, Mungu akasaidia tukasimama kwenye ukingo wa mawe. Makanika alipoangalia breki pedi zilikuwa nzima, diski nzima. Kumbe mafuta ya breki hayajawahi kubadilishwa tangu gari iingie nchini, alinieleza yanafyonza unyevu wa hewani, maji yakiwa mengi yanachemka kwenye mteremko na yanakuwa mvuke, na mvuke unabanika kwahiyo mguu unazama. Yanatakiwa yabadilishwe kila miaka 2 na hakuna mtu aliwahi kuniambia, wote wanaangalia kama yamefika alama basi. Toka siku ile sikanyagi breki kushuka mlima, naweka gia.

Kwahiyo pamoja na hayo ya makanika, mwambie akupimie maji kwenye mafuta ya breki, kuna kifaa kidogo kama kalamu. Na kama walibadilisha breki pedi za nyuma waulize waliifungua vipi ile breki ya mkono ya umeme, inatakiwa mashine iirudishe nyuma kwanza, wengine wanaisukuma kwa klampu kwa nguvu na kuvunja meno ndani. Hicho kinaweza kuwa ndio chanzo cha ujumbe wako wa breki ya mkono.

Arua_Boy

Dada Nalongo umesema kweli, nimekubali. Nilikuwa naongea kwa hasira ya pesa za huyu ndugu, sikufikiria yule atakaenunua. Nafuta maneno ya picha.

BondiNimeacha

Nimefanya kazi bondi miaka 6 nikaacha, sababu mojawapo ni mambo kama haya. MzaziNtinda kuna vitu viwili vya bure fanya haraka.

Cha kwanza. Kesho asubuhi ingia ndani, usiwashe injini, washa umeme tu, angalia dashibodi. Taa zote za tahadhari lazima ziwake kwa sekunde chache halafu zizimike moja moja: injini, ABS, mkanda, airbegi. Watu wanaogopa taa inayowaka, mimi naogopa taa isiyowaka kabisa. Kama ya airbegi haijaonekana hata kidogo kuna mtu ameificha. Kwenye magari yaliyogongwa airbegi ikafunguka, mpya ni ghali sana, wanashona dashibodi vizuri, mahali pa airbegi hakuna kitu, wanaunganisha rezista ndogo ya bei ya soda ili kompyuta idhani airbegi ipo. Wengine wanaziba taa yenyewe. Nimeona kwa macho yangu, sio hadithi ya kuambiwa.

Cha pili. Umesema imetoka Uingereza. Kule kila gari ikifika miaka 3 inapimwa kila mwaka, kipimo kinaitwa MOT, na serikali yao imeweka majibu yote wazi kwenye tovuti ya gov.uk bure, kuanzia 2005. Unachohitaji ni namba ya usajili ya kule, ile pleti ya zamani. Tafuta kwenye kitabu cha sevisi, kwenye stika za vioo, kwenye karatasi za kutolea bandarini, au kwenye nakala ya kadi yao ya usajili. Ukiingiza unaona kila mwaka mileji ilikuwa ngapi, ilifeli nini, na ilionywa nini. Na kumbuka wao wanahesabu maili. Maili moja ni kilomita 1.6 na zaidi kidogo. Kuna watu wanabadilisha dashibodi isome kilomita halafu wakati huo huo wanakata namba, mnunuzi anafurahi.

Kwa waliochukua za Japani ombeni cheti cha kutolea gari nje, kinaandikwa mileji za ukaguzi wa kule.

MzaziNtinda

Nimerudi. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimefanya ya taa. Injini imewaka, ABS imewaka, mkanda umewaka, airbegi hakuna. Nimerudia mara tano. Nikamwita mke wangu aje aangalie yeye, labda macho yangu, akasema hakuna. Mwaka mzima na nusu mtoto wangu mkubwa anakaa mbele kwenda shule.

Namba ya Uingereza niliikuta ndani ya mfuko wa mlango wa nyuma, stika ndogo ya gereji ya kule. Nikaingiza. MOT ya mwisho ni ya 2021 na mileji ilikuwa maili 131,000. Maili. Nikapiga hesabu nikapata kilomita zaidi ya 210,000, na mimi niliuziwa 92,000 mwaka 2023. Halafu mwaka ule ule wa 2021 ilifeli mara ya kwanza kwa sababu taa ya tahadhari ya airbegi ilikuwa inawaka, kule taa hio ikiwaka gari inafeli, siku tatu baadae imepita. Na chini ya maonyo wameandika puto la suspenshen la mbele linavuja. Yaani hata hilo puto lilijulikana kabla gari haijapanda meli! Nimelipa kompresa mbili kwa kitu ambacho mtu wa Uingereza aliandika bure kwenye intaneti.

Nimepaki. Leo nimepanda boda kwenda kazini. Makanika_Ndeeba nitakuletea kwa bridauni, gari la kuvuta, siiendeshi hata mita.

Makanika_Ndeeba

Umefanya vizuri. Ilete.

Ila hio ya kilomita 210,000 inabadilisha mambo mengine, sio hasira tu. Ulikuwa unafanya sevisi kwa namba ya uongo. Kama injini yako ni ya mkanda na sio cheni, mkanda wa timing ukikatika pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha hapo hapo, tena barabarani. Oili ya giaboksi, watu wanasema ya maisha haibadilishwi, lakini ZF wenyewe wanaotengeneza giaboksi nyingi za magari haya wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au miaka 8. Yako ilipita zamani. Mabomba ya plastiki ya kolanti nayo kwa umri huo yanakuwa kama biskuti, na ukipoteza maji yote geji ya joto inaweza isipande kwa sababu sensa haiguswi na maji tena, unaona baridi kumbe ndani inaungua.

Na tafadhali asijitokeze mtu akupime nyaya za airbegi kwa mita ya kawaida, zile nzima zilizobaki zinaweza kufyatuka. Betri inatolewa kwanza, unangoja, ndio unafungua.

Wakili_Kireka

Nimepita tu ila niongeze kidogo. Uganda kuna sheria ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma. Muuzaji anaeuza kwa biashara anabanwa kuhusu ubora wa kitu na kama kinafaa kwa kazi yake, isipokuwa kasoro aliyokuonyesha wazi kabla hujanunua, au ile ambayo ungeiona ulipokagua mwenyewe. Airbegi iliyofichwa kwa rezista huwezi kuiona kwa kukagua. Weka risiti zote, chapisha ile historia ya MOT, piga picha ya mileji leo, na makanika aandike ripoti kabla hajagusa chochote, yenye tarehe na sahihi. Mwandikie muuzaji barua kwanza. Madai ya mpaka shilingi milioni 10 yanaweza kwenda kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani bila wakili, huko unaweza kudai mfano gharama za matengenezo. Kurudisha gari nzima ni kesi kubwa zaidi, hapo tafuta mtu wa sheria mkae naye. Na usimtaje muuzaji jina mtandaoni wakati huu, unaweza kujiharibia.

DerevaWaMalaba

Kumbe hata ungegonga, ule upande wa mtoto huenda hakukuwa na airbegi. Banange. Mtoto akae nyuma na mkanda siku zote hata kwenye gari nyingine, mwambie ndio sheria ya nyumba.

MzaziNtinda

Wiki mbili zimepita, nawaletea majibu kwa sababu mlinisaidia kuliko gereji zote nilizolipa.

Upande wa abiria mbele hakuna airbegi. Kuna rezista na gundi, picha ninayo. Ya dereva ipo. Hozi ya turbo imepasuka chini ambako hupaoni, na ilikuwa imeviringishwa tepu nyeusi, yaani mtu aliona akafunga tepu akauza. Ndio ile iliyofunguka Mabira. Puto la mbele kushoto lilivuja mpaka mapovu yalikuwa kama ya kufulia, la kulia nalo limeanza. Mkanda wa timing una mipasuko. Mafuta ya breki kalamu ilisoma taa nyekundu, dada Nalongo asante sana. Betri ilikuwa ya kawaida sio AGM. Tairi mbili za nyuma, ukisoma zile namba nne pembeni za wiki na mwaka, zimetengenezwa 2012, ni za kabla hata ya gari yenyewe.

Nilikaa na mke wangu tukapiga hesabu. Hozi, puto mbili, mkanda, mafuta ya breki, betri na tairi tunatengeneza kwa awamu. Airbegi bei yake ilinifanya nikae chini lakini bila hio hakuna mtu anakaa mbele kushoto, hata mtu mzima, kile kiti nimekiwekea sanduku la vifaa. Barua kwa muuzaji imeenda na ripoti. Amepiga simu mara moja akasema "gari mliikagua wenyewe", nikamwambia niliyoyasoma kwenye historia ya Uingereza, akanyamaza, akasema atanipigia. Bado hajapiga.

Kuna mtu wa Mbarara alikuja na pesa taslimu aichukue kama ilivyo. Nikamwonyesha ripoti nzima na rezista, akaondoka. Sikujisikia vibaya.

Krismasi tunaenda Tororo kwa basi. Watoto wameuliza kama tutapita tena kwenye ule msitu, nimewaambia tutapita lakini safari hii baba atakaa nyuma pamoja na nyinyi.

Nalongo_Mbale

Safari njema baba watoto. Mkifika Tororo mna siku, njooni Mbale mle matoke kwetu.